Unga Wenye Mishipa

Kwetu Trnava unga huulizwa kwa vidole:
laini, chenga nusu, au chenga kabisa?
Hapa Kaohsiung unga huulizwa mishipa.
Mshipa wa chini, wa kati, wa juu,
ndivyo ilivyoandikwa mifukoni,
nami nimeduwaa dukani, simu inanitafsiria,
kama daktari asiyeonyeshwa mgonjwa ni yupi.

Nikachukua wa kati.
Asiyejua huchukua wa kati.

Hamira ya kwetu ni kijitofali cha kijivu
kilichofungwa karatasi, kinanuka pishi la bia.
Hapa ni punje kavu ndani ya kopo.
Kijitofali kimoja: vijiko vinne na nusu vya chai.
Nimeyaandika hayo ukutani kwa penseli,
juu ya jokofu, pamoja na mengine:
*jibini la maji: ning'iniza mtindi ndani ya soksi mpya, usiku kucha.*
*malai chachu: mtindi ule ule, tone la ndimu, na uongo kidogo.*
*tanuri: hakuna.*
Kuna kisanduku cha kuchomea mkate
juu ya mashine ya kufulia.
Nguo zikikamuliwa, keki hutetemeka.

Lakini mpopi.

Mwezi wa kumi na mbili mama alituma nusu kilo
ya mbegu, kaishindilia katikati ya soksi za sufu
(mama haamini kwamba kuna nchi isiyo na theluji).
Ikaja barua kutoka forodhani.
Afisa alikuwa mpole. Alinionyesha picha ya ua,
ua lile lile lililotariziwa
kwenye kitambaa cha meza cha bibi yangu.
Akasema, Hili huzaa kasumba.
Nikasema, Kwetu huzaa Krismasi.
Akacheka, akagonga muhuri,
akabaki nazo.

Bi Hsiu-chin wa ghorofa ya nne
alinikuta kwenye lifti na kinu kitupu mkononi.
Nikamweleza kwa ishara: dogo, jeusi,
linasagwa, linachemshwa na maziwa na sukari,
linaviringishwa ndani ya unga, hivi, hivi.
Akashuka bila kunijibu.
Nikajua nimemuudhi.
Baada ya saa moja akabisha, kabeba bakuli la ufuta mweusi
aliousaga mwenyewe, bado una joto la kikaango.

Aliyekosa titi la mama huamwa hata la…
nikaikatiza methali hapo hapo.
Ufuta ule haukustahili tusi.

Ila si mpopi. Mpopi hunong'ona;
ufuta huingia chumbani na kuvuta kiti.
Mafuta yake yakapenya unga wangu wa mshipa wa kati,
mkate ukapasuka mgongoni,
na kwetu mkate uliopasuka mgongo
humtangaza mpishi kuwa na haraka.
Hata hivyo nikampelekea jirani nusu.
Akatafuna polepole, akatikisa kichwa,
akasema, Si tamu sana.

Siku tatu nilipita ngazi ili nisikutane naye kwenye lifti.
Siku ya nne mwenzangu wa ofisini, Chia-hao,
akanicheka hadi akakohoa:
mji huu hauna sifa kubwa zaidi ya hiyo kwa keki.

Ukutani, chini ya soksi, nimeandika *mpopi*,
nikachora alama ya sawasawa,
na penseli ikagoma.

Jumapili mama alipiga simu ya video.
Jicho lake la kushoto lina mtoto,
la kulia linakwenda kumfuata mwenzake.
Akasogea hadi nikaona paji la uso tu.
Inua, akasema. Inua kwenye mwanga.
Nikainua kipande. Mzunguko mweusi
ndani ya mzunguko mweupe.
Nyeusi kabisa, akasema. Oo, Zdenka.
Kumbe walikurudishia.

Nilikuwa nimeshauma.
Yeye mwenyewe ndiye aliyenifunza
kwamba mtu haongei
na chakula mdomoni.